Mifupa ya Msichana

Mama yangu ana miaka sitini na nane, na daktari alisema mgongo wake ni imara kuliko wangu. Aliishika karatasi ya majibu kwa vidole viwili, akacheka, akamwambia mume wangu: "Huyu mama ana mifupa ya msichana. Mwambieni arudi shambani, kukaa tu ndiko kunakomuumiza."

Arudi shambani! Mtu ambaye akikaa kwenye kiti lazima nimshike mikono yote miwili ndipo ainuke, na akishainuka anasimama kwanza, macho ameyafumba, anangoja maumivu yapite ndipo apige hatua.

Mama anauza nyanya Ilula, pale barabarani, tangu mimi sijazaliwa. Mtu aliyewahi kupita ile njia kwa basi amewaona mama zetu: basi halijasimama vizuri wameshafika, ndoo kichwani, wananyoosha mikono hadi dirishani, abiria anachagua, anaponda kwa vidole, anarudisha. Kabla ya hapo kuna matenga ya kushusha kwenye gari yanapotoka shambani, na ya kupandisha tena yasipoisha. Kazi hiyo ndiyo iliyotusomesha, mimi na kaka yangu Tadeo, kila mtu hadi pale alipofika.

Nilipojifungua Happy, mama alikuja huku kwangu Ilomba, Mbeya, kunikanda na kunipikia. Tukaishia mimi kumwogesha yeye. Alikuja na mgongo unaouma, akasema ni baridi ya Mbeya. Sawa, baridi. Lakini nilikuwa naona vitenge vyake vinaburuta chini. Vitenge vile vile, fundi hajavigusa. Nguo haijarefuka, mama alikuwa anafupika.

Mimi nasoma darasa la jioni, narudia sekondari niliyoiacha njiani, na kwenye baiolojia tulishafika kwenye mifupa. Mwalimu alisema mwanamke akishakoma hedhi mifupa yake inaweza kupungukiwa kidogo kidogo bila kelele, kama ukuta unaoliwa na mchwa kwa ndani. Ukiugonga unasikia ukuta. Ukiuegemea unaanguka nao. Nikakumbuka mwaka jana mama aliteleza bombani, kuteleza tu kama mtoto, mkono ukavunjika. Nikamwambia Anord, mume wangu, kwamba mama lazima apimwe.

Kipimo chenyewe hakina maumivu. Mtu analala chali kitandani, mkono wa mashine unapita juu yake polepole na miale hafifu. Mfupa ulioshiba unaizuia miale mingi, mfupa wenye njaa unaiachia ipite. Mashine inahesabu kilichozuiwa, inatoa picha na namba. Hospitali moja ya binafsi hapa mjini wanayo, jina lake nitalinyamazia. Siku ya miadi Happy akaamka na homa, mwili unaungua. Sikuweza kumwacha. Anord akaomba ruhusa kazini, akampeleka mama yeye.

Ndipo wakarudi na hiyo mifupa ya msichana.

Habari hizo zilifika Ipogolo kwa kaka yangu kabla uji wa mama haujapoa, maana mama mwenyewe, kwa uaminifu wake, alimpigia Tadeo akamwambia. Kaka yangu ana duka la spea za pikipiki, anavaa viatu vilivyochongoka kama mdomo wa birika, na kwa muda mrefu amekuwa akisema nyanya za mama zinaozea kwenye kibanda kwa sababu mimi namdekeza. Akanipigia.

"Frida, umesikia mwenyewe? Mashine imesema!"

"Kaka, mama hawezi kuinama."

"Mashine imesema, wewe unasema. Nani mwenye akili hapo? Jumamosi ya wiki ijayo nakuja kumchukua. Msimu umeshaanza, wenzake wanauza, yeye anakula ugali wa mkwe."

Mama alisikia, maana Tadeo akiongea kwenye simu hata jirani anasikia. Aliangalia mikono yake, akasema kwa sauti ndogo: "Labda kweli nimezoea kukaa, mwanangu. Mashine haina sababu ya kunisingizia."

Hapo ndipo nilipokasirika hasa. Kumwambia mtu haumwi, naelewa, mtu anaweza kukosea. Lakini kumfanya aanze kuyatilia shaka maumivu yake mwenyewe! Mwanamke ambaye hajawahi kulala mchana maisha yake yote, ajione mvivu kwa ajili ya karatasi!

Jumatano iliyofuata mchana, Happy amelala, nilikaa nayo ile karatasi. Namba sikuzielewa zote. Nikaiangalia picha. Uti wa mgongo unaonekana kama vikopo vyeupe vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Juu vikopo vilikuwa na rangi ya moshi. Chini, karibu na kiuno, vilikuwa vyeupe pe. Na juu ya weupe ule niliona vitone. Vidogo, vingi, vimefuatana kwa mistari mitatu iliyolegea katikati, kama matone ya mvua kwenye waya wa kuanikia.

Mistari ile mitatu naijua. Naisugua kwa sabuni kila jioni.

Nikamfuata mama uani. Alikuwa anachambua maharage.

"Mama, siku ile ya kipimo ulizivua?"

"Nilivua nini?"

"Shanga."

Aligeuka kuangalia mlangoni kwanza. "Wewe! Mumeo atasikia!"

"Yuko kazini. Ulizivua?"

"Ningezivua wapi? Pale palikuwa na chumba cha kuvulia?"

"Hawakukuuliza kama umevaa kitu kiunoni?"

Aliokota maharage mawili mabovu, akayatupa mbali kuliko ilivyohitajika. "Aliniuliza yule kijana. Nikasema hakuna."

"Kwa nini, mama?"

"Frida, mumeo alikuwa amesimama pale."

Kwetu Uhehe, kama nilivyolelewa, mama na mkwe wake wa kiume wanapishana kwa heshima hata uani. Mama yangu hapiti mbele ya Anord akiwa amevaa kanga moja. Anord akiingia jikoni, mama anapata kazi ya kufanya nje. Halafu mtu amuulize mbele yake amevaa nini kiunoni! Shanga ni mambo ya mke na mume. Zile alizivaa kwa ajili ya baba yetu, na baba alipofariki mashangazi walitaka kuzikata, mama akawagomea. Huo ndio ujane wake. Angeutaja mbele ya kijana aliyemwoa mtoto wake? Bora afe.

Jioni nilimtega Anord bila kumwambia kitu.

"Hivi siku ile ya kipimo ilikuwaje?"

"Usinikumbushe," akasema. "Yule kijana wa mashine ananiambia, 'Wewe, ingia umsaidie mama yako kupanda kitandani, mshike miguu.' Mimi! Nimshike mkwe wangu miguu! Nikamwambia mimi ni mkwe. Akasema, 'Mkwe si mtoto tu?' Nikageukia ukuta. Nimeusoma ule ukuta, nakwambia, hadi nyufa zake nazijua."

"Na nguo?"

"Nguo gani? Alilala na kitenge chake hivyo hivyo."

"Akamuuliza nini?"

"Kama ana zipu, chuma, sijui kitu chochote kiunoni. Mama akasema hana." Akaniangalia. Nikaangalia sufuria. Nikaona masikio yake yanabadilika rangi. "Basi, mama Happy. Usiniambie. Tena usiniambie kabisa! Rudini wenyewe."

Ijumaa asubuhi tulikuwa pale, mama, mimi, na Happy mgongoni. Kijana wa mashine anaitwa Peter, jina limeandikwa kifuani. Nikamwonyesha karatasi, nikamwambia kwa adabu kwamba kipimo kirudiwe.

"Dada, hiyo mashine imetoka nje ya nchi. Haikosei."

"Mashine haijakosea. Imepimishwa shanga, ikadhani ni mifupa."

"Shanga?"

"Angalia hapo chini. Vitone hivyo unavionaje?"

Akaangalia. Akaangalia tena. "Hivi nilijua ni chokaa. Wazee huwa wanajaa chokaa mgongoni."

"Chokaa iliyotungwa kwenye uzi?"

Kwenye benchi watu walishaacha kuangalia simu zao. Peter akashusha sauti. "Mimi nilimuuliza. Yeye mwenyewe akasema hakuna. Sasa kosa langu liko wapi? Angesema tu."

"Angesema mbele ya nani? Ulimweka mkwewe mlangoni! Ukataka amshike miguu!"

"Mkwe si mtoto tu?"

Lilipita guno kwenye benchi lile, guno la wanawake, refu. Bibi mmoja mwenye bandeji ya goti akamwita. "Kijana. We umeoa?"

"Bado, bibi."

"Inaonekana. Na ukiendelea hivyo mahari yako watakurudishia."

Watu wakacheka, na mimi nilitaka kucheka nikashindwa, maana hasira ilikuwa imenipanda. Niseme kilichonikasirisha? Urahisi ule. Alivyotamka "angesema tu." Kila mtu aliyeumizwa anaambiwa angesema tu. Hawajengi chumba cha kusemea, hawafungi mlango, hawamtafutii mwanamke mwenzake wa kumsikiliza, kisha wanamshangaa kwa nini alinyamaza. Nikamwambia Peter hayo yote. Nadhani nilimwambia kwa sauti kubwa, maana Happy aliamka akaanza kulia, na daktari akatoka.

"Kuna nini hapa?"

"Daktari, ulimwambia mama yangu arudi shambani. Kesho wanakuja kumchukua kwenda kubeba matenga ya nyanya. Naomba uiangalie picha, siyo namba."

"Mama, mimi nina wagonjwa..."

"Na huyu ni nani?"

Mama alinivuta gauni. "Frida, taratibu. Ni daktari."

Daktari aliipokea karatasi ili yaishe. Kisha akaivua miwani, akaisogeza picha karibu na uso. Akamuuliza Peter bila kumtazama: "Nyonga hukupima?"

"Foleni ilikuwa ndefu, daktari."

"Ungepima nyonga tungeona namba haziendani." Akatugeukia. Nitasema haki yake: hakuzunguka. "Mimi nilisoma namba, picha sikuitazama. Tutarudia leo, na halitakuwa jambo la kulipia."

Akaitwa muuguzi, dada mmoja mnene mwenye sauti ya kwaya, Tusekile. Peter akaambiwa asimame nje hadi aitwe. Pazia halikuwepo, basi Tusekile alitanua kanga yangu mlangoni kwa mikono miwili, akageuza uso wake pembeni, akaanza kumsimulia mama habari za mvua ya Tukuyu kana kwamba wapo sokoni. Mimi nikamsaidia mama kufungua kitenge.

Nilikuwa nimekuja na mkasi, nikijua hazitavulika. Shanga za miaka mingi zinamkaa mtu kama pete kwenye kidole kilichonenepa. Lakini mama alizisukuma kidogo tu kwa viganja, zikashuka zenyewe. Zikapita nyonga bila kukwama popote, zikaanguka kwenye miguu yake. Tulizitazama wote wawili. Nilikuwa namwogesha kila siku, na sikuwa nimejua amekonda kiasi hicho.

"Zilikuwa zinanibana," mama akasema. "Baba yenu alikuwa anacheka akisema zitakatika."

Nikaziokota, nikazifunga kwenye leso. Tukamvisha gauni la hospitali, Tusekile akamshika miguu akampandisha, akamwekea mto chini ya magoti. Mashine ikapita. Mgongo, kisha nyonga.

Majibu daktari aliyatoa akiwa amekaa, mlango umefungwa. Hakucheka. Mifupa ya mama imepungua sana, mgongoni na kwenye nyonga. Akampiga na eksirei ya kawaida kwa ubavu, akatuonyesha: pingili mbili zimebonyea kwa mbele, kama vikopo vilivyokanyagwa. Zilishavunjika, muda mrefu pengine, na mama alikuwa anabeba ndoo juu yake. Tenga moja tu la kunyanyua vibaya lingeweza kuvunja nyingine. Dawa ipo, akasema, na akiifuata vizuri mifupa inaweza kupata nguvu. Maziwa, dagaa, jua la asubuhi, kutembea. Kubeba mizigo, basi. Kwisha.

"Samahani sana, mama," akasema.

Mama alimwangalia kwa upole wake ule unaochoma. "Samahani nimeipokea, baba. Lakini na wenzangu wanaokuja kesho, utawaomba samahani mmoja mmoja? Tundikeni pazia. Na mwulizeni mwanamke mambo ya kiunoni akiwa peke yake."

Nilidhani vita imekwisha. Sikuwa nimemhesabu Tadeo.

Alifika Jumamosi na gari la kuazima, viatu vinang'aa. Tukaketi sebuleni, Anord na Happy mapajani. Nikampa majibu mapya. Akayasoma, akayaweka mezani, akasema:

"Hospitali moja. Mashine moja. Mgongo mmoja. Wiki iliyopita msichana, wiki hii ajuza. Frida, unaniona mimi mjinga?"

"Cha kwanza kilikosewa."

"Kilikosewaje?"

Ningemwambia nini? Huyo ni mtoto wa kiume wa mama, na mume wangu amekaa pale pale. Mama alikuwa ameinamisha kichwa.

"Kilikosewa tu," nikasema. "Muulize daktari."

"Aha! Daktari mliyempigia kelele, nimesikia. Mtu akipigiwa kelele anaandika chochote mnachotaka. Shemeji, na wewe unasemaje? Ulikuwepo."

"Mimi niliangalia ukuta," Anord akasema.

Tadeo akasimama. "Mama, fungasha. Mpaka saa nane tuwe tumepita Makambako. Watu Ilula wanasema umewakimbia, wanasema umejifanya mgonjwa upate kulelewa mjini. Mimi naona aibu."

Lile neno aibu. Nilimwona mama analisikia. Aliweka mikono kwenye kiti, nami nikainuka kumsaidia, akakataa kwa kichwa. Hakusimama. Alikaa wima kadiri mgongo wake ulivyomruhusu.

"Tadeo. Nilikuwa nimevaa shanga."

Anord akageukia dirisha.

"Mara ya kwanza. Shanga za kiunoni, za baba yako. Mashine ikazipima hizo. Nikaulizwa mbele ya mkwe wangu nikakana, kwa sababu niliona aibu. Nimekana, ukaletewa karatasi ya uongo, ukaniita mvivu. Sasa nimesema mbele yenu wote wawili, aibu imekwisha, sina nyingine. Unataka kujua na rangi zake?"

"Hapana, mama!" Tadeo alipiga kelele kama aliyekanyaga kaa la moto. Anord alikuwa ameshatoka, mtoto kwapani, na tulimsikia uani akimwonyesha Happy kuku kwa bidii kubwa sana.

Kaka yangu alikaa chini. Aliichukua tena ile picha ya pili, ya eksirei, akaigeuza kuelekea dirishani. Nikamwonyesha kwa kidole pingili mbili zilizobonyea. Sikumwambia neno, ingawa nilikuwa nayo mengi, nimeyapanga tangu Jumatano. Akamtazama mama kama mtu anayemwona kutoka mbali, anajaribu kumtambua.

"Hii ilivunjika lini?"

"Nitajuaje? Nilikuwa nauza nyanya."

Akajikuna shingo. "Sasa kibanda... nani atapandisha matenga?"

"Una mgongo, wewe?"

"Mama..."

"Nakuuliza. Mgongo unao? Mimi nitakunywa dawa hapa kwa mwanangu hadi daktari aniambie. Nikirudi Ilula nitauza nikiwa nimekaa, kwenye kiti chenye egemeo, utanunua wewe. Bei naijua, wateja nawajua, mdomo wangu haujavunjika. Kubeba, uje na mgongo wako. Na kama hutaki, kibanda nampa jirani, na wewe uwe unanunua nyanya dukani kama watu wa mjini."

Kwa mara ya kwanza tangu aingie niliona uso wa kaka yangu yule wa zamani, aliyekuwa akinibeba kuvuka mtaro mvua ikinyesha.

"Mabasi ya asubuhi," akasema mwishowe, akiangalia sakafu, "yanayosimama sana ni yapi?"

Mama alicheka, akashika kiuno kwa maumivu, akaendelea kucheka hivyo hivyo.

"Kaa nikufundishe. Lakini kwanza vua hivyo viatu. Kwa viatu hivyo utafika dirishani basi limeshafika Mikumi."